Nani Analipia Kiti cha Chuo Kikuu?

 

Leo tuzungumze pesa. Pesa za chuo kikuu. Najua katika nyumba nyingi hapa Kenya mazungumzo ya msimu huu ni gredi na kozi: kijana amepata ngapi, ameitwa chuo gani, atasomea nini. Ni maswali mazuri hayo. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu hukumbukwa wakati umeshapita, siku yenyewe ya kuripoti, mzazi akiwa kwenye foleni ya ofisi ya fedha na stakabadhi ya benki mkononi. Kiti hiki atakachokalia mwanangu kinagharimu kiasi gani, na ni nani anayekilipia? Lishikeni swali hilo. Nani analipa? Nitalirudia mpaka mnichoke.

Tuanzie mbali kidogo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970. Wanafunzi walikuwa wachache, na serikali iliwahitaji: wahandisi, madaktari, walimu, maafisa wa utawala wa kushika nafasi zilizoachwa na wageni. Masomo, kitanda na chakula viligharimiwa na serikali, na juu ya hayo mwanafunzi akapewa pesa za mfukoni. Hata leo utamsikia mzee mstaafu akieleza jinsi alivyobana pesa hizo akawalipia wadogo zake karo ya shule. Tunazitamani zama hizo, sivyo? Lakini tuulize, nani alilipa? Alilipa mlipa ushuru, akiwemo mkulima wa kahawa au pareto ambaye mtoto wake hakufika hata darasa la saba. Elimu ya bure ya wachache ililipiwa na wengi ambao hawakuionja. Mimi huwa sina haraka ya kuililia.

Kufikia mwaka 1974 serikali ilikuwa imeanza kugeuza sehemu ya msaada huo kuwa mkopo. Mikopo ikatolewa, marejesho yakasuasua. Kisha idadi ikafurika. Mwaka 1989 watahiniwa wa kwanza wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, walimaliza shule pamoja na wale wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita, na vyuo vikalazimika kupokea mikupuo miwili kwa mpigo. Hazina ya serikali ilikuwa imekonda, Benki ya Dunia inahimiza matumizi yapunguzwe, na mwaka 1991 ukaja ugawanaji wa gharama. Mwanafunzi akaambiwa alipe sehemu ya karo, na chakula alichokuwa akipakuliwa bila kuulizwa akaanza kukilipia sahani kwa sahani. Kulikuwa na migomo, na vyuo vikafungwa. Mwaka 1995 ikapitishwa sheria iliyounda Bodi ya Mikopo, HELB tunayoijua hadi leo.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo hesabu ilipoanza kupinda. Karo ya mwanafunzi anayefadhiliwa na serikali iliwekwa Sh16,000 kwa mwaka, ikaachwa hapo hapo kwa zaidi ya miaka 25. Hebu fikiria. Unga ulipanda bei, nauli ikapanda, mshahara wa mhadhiri ukapanda, kemikali za maabara zikapanda, na karo ikabaki imesimama. Hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuigusa, na ukiniuliza nitakwambia sababu: karo ya chini ni ahadi tamu jukwaani, na anayelipa tofauti haonekani kwa macho. Lakini gharama haikupungua hata shilingi moja. Ilikuwa ikihama tu, kutoka bega moja kwenda bega jingine. Ilihamia kwa nani?

Kwa miaka mingi ilihamia kwa mzazi mwingine. Ndiyo, mzazi mwingine kabisa, na huenda ni wewe unayenisikiliza.

Mnakumbuka masomo ya sambamba? Wengine waliyaita Moduli ya Pili. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliyaanzisha mwaka 1998, na jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walikuwa wametutangulia kwa mtindo kama huo. Ilikuwa hivi. Serikali ilifadhili idadi iliyolingana na vitanda na bajeti yake. Kila mwaka maelfu ya vijana waliopata C+ na zaidi, gredi inayokubalika chuo kikuu, walikosa nafasi. Si kwamba hawakufaulu. Nafasi ndizo zilizokwisha. Vyuo vikasema: kama una pesa, njoo. Utafundishwa jioni au wikendi, au hata mchana pamoja na wenzako, ila utalipa bei kamili. Kijana wa serikali na kijana wa sambamba wakakaa benchi moja, wakafundishwa na mhadhiri yule yule, wakafanya mtihani ule ule, mmoja akilipa Sh16,000 na mwenzake akilipa Sh100,000, laki mbili, na kwa udaktari zaidi ya hapo.

Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, wakakopa Sacco, wakaita harambee. Na siwezi kusema ulikuwa mpango mbaya. Watu wazima wengi walipata digrii kwa njia hiyo, watu waliokuwa wamefungiwa mlango ujanani: muuguzi wa zamu ya usiku, polisi, karani wa benki aliyetoka kazini saa kumi na moja akakimbilia darasani. Wahadhiri nao walipata malipo ya ziada. Vyuo vikajenga, vikapaka rangi, vikaajiri.

Kisha tamaa ikaingia. Kila mji ukawa na kampasi. Ulikuwa ukitoka sokoni unainua macho, unaona bango la chuo kikuu juu ya supamaketi, ghorofa ya tatu, kando ya saluni. Kila mtu aliamini wanafunzi wataendelea kuongezeka tu, na dalili zilikuwepo. Elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka 2003. Walioingia darasa la kwanza mwaka huo wakafika KCSE mwaka 2014. Mapema mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki, akijiandaa kuondoka Ikulu, alivipa vyuo vishiriki zaidi ya kumi hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Nani angedhani kwamba abiria wangeisha?

Nimesema abiria. Hebu chukueni matatu ya watu 14 inayotoka Nairobi kwenda Nakuru. Ikijaa, isijae, mafuta ni yale yale, dereva atadai chake na ada ya Sacco italipwa. Abiria wa kwanza kumi wanarudisha gharama ya safari. Wale wanne wa mwisho ndio faida, ndio mlo wa mwenye gari. Sasa, vyuo vyetu vilikuwa na abiria kumi waliolipa nusu nauli, kwa sababu serikali ndiyo iliyopanga nauli yao, na wanne wa sambamba waliolipa nauli yao na kufidia ya wenzao. Ondoa hao wanne, na gari halifiki Naivasha.

Waliondolewa mwaka 2016. Na cha ajabu, hapakuwa na sheria iliyoyapiga marufuku masomo ya sambamba. Kilichotokea ni kwamba wizi wa mitihani ulidhibitiwa. Dkt. Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Elimu, alikaza kamba, na matokeo ya KCSE yakashuka kwa kishindo. Mwaka 2015 waliopata A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929. Idadi hiyo yote ilitosha kwenye nafasi za serikali, bila kubaki mtu. Isitoshe, kuanzia mwaka huo huo serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili hata katika vyuo vya kibinafsi. Kwa hiyo kijana yeyote aliyefaulu alikuwa na nafasi ya karo nafuu. Ni mzazi gani angelipa laki mbili kwa kitu anachoweza kukipata kwa Sh16,000?

Kampasi zikaanza kufungwa. Kule Kisii, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilikuwa imeshakiamuru chuo kikuu cha eneo hilo kifunge kampasi zake kadhaa mwaka huo huo wa 2016. Mabango yakashuka, supamaketi zikarudishiwa ghorofa zao. Lakini wafanyakazi walioajiriwa wakati wa neema walibaki kwenye orodha ya mishahara, na majengo yalibaki yakidai umeme na ukarabati.

Serikali nayo ilikuwa imekuja na fomula mpya: kila kozi ipigiwe hesabu ya gharama yake halisi, na Hazina ilipe asilimia 80. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana. Hazina haikutoa asilimia hiyo 80, na wanafunzi walivyoongezeka ndivyo mgao wa kila mmoja ulivyozidi kupungua. Madeni ya vyuo vikuu vya umma yakafika makumi ya mabilioni ya shilingi.

Narudi kwenye swali letu. Serikali hailipi zote, mzazi wa sambamba ameondoka, karo haijapanda. Nani analipa?

Alilipa mhadhiri. Vyuo vikakata kwenye mshahara wake pesa za pensheni, za Sacco na za bima, visizifikishe kunakohusika. Mtu anaona kwenye hati ya mshahara kwamba amekatwa, akienda Sacco kuomba mkopo anaambiwa hana kitu. Mhadhiri wa muda, yule anayefundisha somo moja hapa na jingine kule, akakaa muhula baada ya muhula bila kuona malipo. Halafu tunashangaa kwa nini wahadhiri wanagoma! Mgomo wa mwaka 2025 ulidumu siku 49, na chanzo chake kilikuwa pesa za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021.

Na alilipa mwanafunzi, kwa muda wake. Hapa wengi hawapigi hesabu. Mgomo ukiingia, mwenye nyumba kule Juja au Ongata Rongai hagomi. Kodi ya chumba inaendelea, chakula kinaendelea, na kozi ya miaka minne inakuwa ya mitano. Mwaka huo wa tano hauandikwi kwenye barua ya kujiunga, lakini mzazi ataulipa.

Mwezi Mei mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili. Nitaueleza kwa ufupi, maana nimeusikia ukielezwa vibaya mara nyingi. Pesa zisiende kwa chuo kwa jumla, zimfuate mwanafunzi. Kila familia ipimwe uwezo wake, iwekwe kwenye bendi, na gharama igawanywe sehemu tatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo, na mchango wa familia. Katika bendi tano zilizokuja kutumika, familia iliyoonekana kuwa maskini zaidi ilitakiwa kuchangia asilimia 5, na iliyoonekana kujiweza asilimia 40.

Tuchukue mfano. Kozi ya Sh200,000 kwa mwaka. Wa bendi ya kwanza atachanga Sh10,000, mkopo uwe Sh50,000, na zinazobaki atoe serikali. Wa bendi ya tano atachanga Sh80,000, akopeshwe Sh60,000, na afadhiliwe Sh60,000. Umesikia hiyo Sh80,000? Mzazi huyo kama angempeleka mtoto chuoni mwaka mmoja kabla, angelipa karo ya Sh16,000. Ndiyo maana kukawa na kelele, na kelele hizo zilikuwa za haki.

Maoni yangu ni haya. Wazo la mfumo huu ni sahihi. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mchuma majani chai kulipa karo sawa ni ukarimu kwa mkurugenzi. Kilichoharibika ni kipimo. Mwalimu wa shule ya msingi ana hati ya mshahara, mapato yake yanaonekana, basi akapangwa na wenye nacho, ingawa analea na watoto wa marehemu ndugu yake. Mfanyabiashara mwenye nyumba tatu za kupangisha zisizojulikana na mtu, huyo ataonekana hohehahe. Katika nchi ambayo watu wengi wanaishi kwa kibarua na biashara ndogo, kupima umaskini kwa fomu ya mtandaoni ni kubahatisha. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo huku rufaa ikisubiri. Wazazi wakabaki katikati, wasijue washike lipi.

 

Mwaka 2025 serikali ilitangaza punguzo la karo la kati ya asilimia 15 na 40, kutegemea kozi. Watu walishangilia, na mimi nilifurahi kwa ajili yao. Lakini nyinyi mlionisikiliza tangu mwanzo mnajua nitauliza nini. Nani analipa tofauti? Kama Hazina itaijaza kwa pesa taslimu, vyema. Kama haitaijaza, tumeirudia njia ile ile ya karo ya Sh16,000, na mhadhiri ataanza tena kukosa makato yake.

Kabla sijamaliza, niseme neno kuhusu gharama isiyoandikwa popote. Kijana wa miaka 19 akiingia chuo, hafanyi kazi nyingine kwa miaka minne. Angekuwa fundi umeme, angekuwa ameanza kulipwa mwaka wa pili. Wanauchumi wanaiita gharama ya fursa. Kwa kozi inayofungua mlango wa kazi, gharama hiyo hurudi na faida. Kwa kozi iliyochaguliwa ili tu jirani asikie kwamba kijana yuko chuo kikuu, hairudi. Vijana wenyewe wameanza kuelewa: kila mwaka kuna kozi za digrii ambazo hazipati hata mwombaji mmoja, huku wanaojiunga na vyuo vya kiufundi wakiongezeka. Lakini tusiwalaumu wazazi peke yao. Mwajiri anapodai digrii kwa kazi ya kupokea simu, anamlazimisha kila mtu ainunue, na kadiri inavyonunuliwa na wengi ndivyo inavyopungua uzito wake.

Jingine linakuja, na silisikii likizungumzwa vya kutosha. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa shule linatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka 2029, na katika mpango huo digrii ni ya miaka mitatu. Miaka mitatu badala ya minne. Kwa mzazi hiyo ni nafuu, mwaka mzima wa karo na kodi ya chumba. Kwa chuo, ikiwa idadi ya wanaoingia haitaongezeka, ni kupoteza mwanafunzi mmoja katika kila wanne darasani. Matatu ni ile ile, abiria wamepungua tena. Vyuo vikisubiri mpaka 2029 ndipo vipange, tutayaona ya 2016 kwa mara ya pili. Tena safari hii tarehe inajulikana.

Basi, mzazi unayenisikiliza, nina maombi machache. Kabla kijana hajajaza fomu ya kozi kwenye mtandao wa KUCCPS, idara inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, mwambie akuonyeshe gharama ya kozi nzima, miaka yote, usiridhike na ya muhula wa kwanza. Uliza sehemu ya familia ni kiasi gani, uongeze chumba na chakula, kisha uweke akiba ya mgomo. Ukiona bendi mliyowekwa hailingani na hali yenu, kata rufaa mapema ukiwa na stakabadhi zako: cheti cha kifo kama mzazi mmoja amefariki, barua ya chifu, karo za watoto wengine. Na wewe kijana uliyemaliza na huna kazi, usiwakimbie HELB. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, lakini faini ya kukaa kimya ni Sh5,000 kila mwezi, na hiyo ndiyo inayowazamisha watu. Waandikie, uwaeleze hali yako.

Na mbunge wenu akija kijijini na hundi ya basari, mpokeeni, mpigieni makofi, kisha mwulizeni mbele ya watu: bajeti itakaposomwa mwezi Juni, Hazina itavipa vyuo vikuu pesa zote zilizoahidiwa au nusu? Na yeye atapiga kura upande gani? Msikubali aondoke kabla hajajibu.